Dume la Kizazi cha Kumi na Saba

Shemeji yangu alikuwa mtunza panya. Nikisema hivyo watu hucheka, wanadhani natania. Sitanii. Aliajiriwa kuwatunza, kwa barua yenye mhuri, katika ghorofa ya chini kabisa ya taasisi ya utafiti, na mimi niliajiriwa palepale kuosha vizimba vyao. Kwa hiyo haya si mambo ya kusikia kwa watu. Miaka kumi na moja nilisimama upande wa pili wa dirisha la kioo, yeye akinipitishia vizimba vichafu kwenye kitundu cha chini, mimi nikimrudishia safi, na kazi ikiisha tunakwenda nyumba moja.

Nyumba moja, ndiyo. Dada yangu alifariki binti yao akiwa na miaka minne, nikahamia pale kwa wiki mbili tu mtoto apate wa kumsuka nywele, na wiki mbili zile zikageuka miaka tisa. Majirani walingoja harusi mpaka wakachoka wenyewe. Yeye aliniita shemeji, mimi nikamwita shemeji, alilala chumba cha mbele, mimi na mtoto cha nyuma. Mtoto aliniita mama mdogo. Hakukuwa na zaidi ya hapo, na mwenye lake aseme.

Alikuwa mrefu, mkimya, na mwenye mikono ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Panya walikuwa hawamng'ati. Mimi wakinishika kidole hawakiachii, mbwa hawa, lakini yeye alimwinua panya kwa mkia, akamlaza kiganjani, na panya akatulia kana kwamba amefika kwao. Hakutumia sabuni ya kunukia wala mafuta ya nywele, maana panya akisikia harufu ngeni huweza hata kula watoto wake. Watu walidhani ni ubahili. Wala hakuwapa majina. Nilimwuliza mara moja, akasema ukimpa jina utamlilia, na kazi hii haina nafasi ya kulia.

Kazi yenyewe ni hivi. Panya yule anakaa pale badala yako. Huwezi kumkata mtu msuli kila wiki uone dawa imefika wapi, lakini panya ana msuli kama wako, ana ini kama lako, na uzee wako wa miaka sabini yeye anaumaliza kwa miwili. Ndivyo alivyonieleza Daktari, yule mama mwembamba aliyekuwa mkuu wa maabara ya juu, siku niliyokuwa nikinung'unika kwamba tunalipwa kulea wadudu. Nikarudi kwenye vizimba vyangu. Si kwamba niliridhika.

Binti alipofika miaka sita akaanza kuanguka. Mwanzoni tulidhani ni mchezo, tukamgombeza. Baadaye nikaona akitaka kusimama anaweka mikono magotini na kujipanda mwenyewe, magoti, mapaja, kiuno, kama mtu anayepanda ngazi ya mwili wake. Hospitali wakasema misuli inakufa polepole. Itaanza miguu, itafuata mikono, mwisho kifua. Dawa ya kuuponya ugonjwa huo haipo. Wakampa vidonge vya kuupunguza mwendo, vya kumeza kila siku asubuhi, wakatuonya wote wawili tukiwa tumekaa kwenye viti vile vya plastiki: visisimamishwe ghafla hata iweje, kwa sababu mwili ukishazoea vidonge unasahau kujitengenezea dawa yake ya asili.

Mwaka huohuo shemeji akaona katika kizimba kimoja panya mtoto anayeburura miguu ya nyuma. Kanuni ilikuwa wazi: kilema hulazwa. Ndivyo tulivyokuwa tukisema pale, kulazwa, maana yake anaingizwa kwenye kisanduku cha gesi na habari imekwisha. Nilikuwa dirishani, nikamwona amemshika yule panya kiganjani, anamtazama, dakika zinakwenda, vizimba vimerundikana. Nikagonga kioo. Hakugeuka. Kisha akavua glavu, akapanda naye juu kwa Daktari.

Ilichukua miezi wakapata wengine kutoka kwa wazazi walewale, Daktari akatazama misuli yao kwenye darubini, akashuka mwenyewe kutuambia. Nilikuwepo na toroli langu. Alisema ugonjwa ni uleule wa binti, au ndugu yake wa karibu sana. Alisema lazima urithiwe pande zote mbili, kwa baba na kwa mama, ndipo utokee. Kisha akasema, na maneno haya nayakumbuka yote, "Tukiupata ukoo uliotulia, tutakuwa na pa kuanzia."

Pa kuanzia. Shemeji alisikia dawa. Niliona usoni kwake kwamba amesikia dawa, na mimi mjinga nikamwacha, kwa sababu hata mimi nilitaka kusikia hivyo.

Sasa ukoo uliotulia ni nini? Ni kaka na dada. Unamchukua kaka, unamweka na dada yake, wakizaa unachagua tena kaka na dada, na tena, na tena, mara ishirini bila kuruka hata mara moja. Ikifika ishirini panya wote wamekuwa kama mtu mmoja aliyenakiliwa, na ukimpa mmoja dawa akabadilika, unajua ni dawa, si damu ya bibi yake. Chini ya ishirini maabara nyingine duniani hawakusikilizi. Nilipoelezwa hayo nilitema mate pembeni. Nikamwambia, "Shemeji, kazi gani hii ya kuwaoza watoto wa tumbo moja? Tutapata laana." Akasema, "Laana tunayo tayari nyumbani, shemeji." Sikumtania tena kwa jambo hilo.

Hivyo maisha yetu yakawa ya kuhesabu vizazi. Miezi mitatu na ushee kwa kizazi, pakiwa salama. Akirudi jioni, kabla hajavua viatu, anamwambia binti, "Tumefika cha tano." Binti anamjibu, "Na mimi nimefika darasa la pili, tuone nani atamaliza shule kwanza." Lakini hakuwa mjinga yule mtoto. Alijua kama sisi tulivyojua kwamba ni mbio kati ya vitu viwili: kizazi cha ishirini na kifua chake. Katika kizazi cha tisa hakuweza tena kupanda ngazi za shule, wakamhamishia darasa la ghorofa ya chini. Katika cha kumi na tatu tukaleta kiti cha magurudumu. Vidonge vilimfurisha uso mpaka macho yakawa mistari, na siku ya kupigwa picha ya darasa akaniambia, "Mama mdogo, waandike chini yake kwamba huyu ni mtoto, si puto." Nilicheka mbavu ziniume, kisha nikaingia chooni nikalia.

Na shemeji alibadilika. Yule mtu wa kutoita panya jina akawa hali chakula cha mchana, anakaa mbele ya rafu ile moja. Alikuwa na kipimo chake: anamweka panya juu ya mfuniko wa waya, anaugeuza juu chini, anabonyeza saa. Panya mzima hujishikilia pale dakika nzima na angetaka zaidi. Wale wa kwetu walianguka kwenye maranda kwa sekunde nne, tano. Kadri walivyoanguka mapema ndivyo alivyofurahi, maana ugonjwa umeshika, ukoo umetulia. Halafu anarudi nyumbani kumwinua binti yake kitandani. Mimi nisingeweza. Ningekuwa nimepasuka kichwa.

Kizazi cha kumi na saba kilizaliwa vibaya. Watoto watatu tu, dume mmoja na majike wawili. Dume yule akapewa dada zake wote wawili, na kila kitu kikawa juu ya kile kizimba kimoja. Siku nne baadaye binti akapata homa ya kifua, akalazwa, na shemeji akaenda kukaa naye. Siku kumi na sita hakukanyaga kazini. Aliniandikia karatasi ya mambo ya kufanya, mstari kwa mstari, maji, chakula, maranda, joto la chumba, Daktari akaridhia kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyeijua ile rafu, akapanda ndege kwenda masomoni ng'ambo kwa miezi miwili.

Nilifuata ile karatasi. Naapa niliifuata. Chakula chao cha kiwandani kilipochelewa kuletwa niliwapa mahindi ya kuparaza, na kwa sababu niliona majike wamekonda nikawatupia alizeti, mbegu nilizokuwa natafuna mwenyewe, kila siku ngumi moja. Hilo halikuwa kwenye karatasi. Jumamosi nikabadilisha chupa za maji. Jumapili nilitakiwa kwenda kuwaangalia, sikwenda. Binti alikuwa ameomba nije nimsuke, nikasema panya hawafi kwa siku moja, nikaenda hospitali.

Jumatatu asubuhi nikakuta kizimba kimejaa maji. Sikuisukuma chupa ile ikabana, imevuja siku nzima na usiku wake. Panya wazima wangepanda juu ya waya. Hawa hawakuweza kupanda. Majike wawili walikuwa juu ya rundo la maranda yaliyolowa, wanatetemeka. Dume alikuwa chini, amekufa, amenyooka.

Nikakaa sakafuni. Nilijua nilichofanya. Hakuna kaka mwingine. Miaka sita ya yule mtu ilikuwa imelala pale kwenye maji, na yeye yuko hospitali anahesabu pumzi za mwanawe. Ningempigia simu nimwambie nini?

Rafu ya pili walikaa panya wa kawaida, wa kufundishia wanafunzi. Weupe walewale, macho mekundu yaleyale. Nikachagua dume wa umri uleule, nikakausha kizimba, nikamtia ndani na wale majike. Nilifikiri hivi: panya ni panya, mama zao ni wale wale wagonjwa, mradi watazaa. Lile la kwamba ugonjwa lazima utoke pande zote mbili nililisikia miaka mingi kabla, na nililisikia kama unavyosikia jambo lisilokuhusu. Yule maiti nikamtia kwenye mfuko, nikamweka kwenye jokofu bila kuandika tarehe. Siku kumi baadaye matumbo ya majike yalipoanza kuonekana nikamtoa yule mgeni nikamlaza kwa mkono wangu, akaenda kuchomwa na takataka. Kisha nikaandika kwenye kadi ya kizimba, dume amekufa, tarehe ya jana yake.

Shemeji aliporudi alifungua jokofu, akamtazama dume wake, akaangalia miguu ile iliyosinyaa, akasema, "Maskini, amemaliza kazi yake." Nikasema, "Amemaliza." Nikajitia hamnazo, nikafungua bomba.

Wakazaliwa watoto kumi na mmoja kwa mama wawili. Siku ya ishirini na tano hivi nikasikia kioo kinagongwa. Shemeji hakuwa mtu wa kugonga kioo. Nikainua kichwa nikamwona anacheka. Miaka tisa niliishi na mtu yule na nilikuwa nimesahau kwamba ana pengo upande wa kushoto. Akainua mfuniko wa waya mbele ya kioo nione. Panya wadogo wanne walikuwa wananing'inia chini yake, kichwa chini, wanatembea kwa mikono na miguu kama wako barabarani. Akanionyesha saa. Sekunde sitini zilipita, sabini, tisini, hakuna aliyeanguka.

Mtu mwingine yeyote angemletea habari ile, swali lake la kwanza lingekuwa: dume ni nani? Ni yeye aliyekuwa akiwafundisha watunzaji wapya swali hilo. Lakini dume alimwona kwa macho yake kwenye jokofu, na tena pale hakuwa mtunza panya, alikuwa baba. Akainama kwenye kitundu akaniuliza, "Shemeji, nilipokuwa hospitali uliwalisha nini hawa mama zao?"

Nilikuwa na bomba la maji mkononi. Nilielewa palepale, kitu chote, pande mbili za Daktari na yule mgeni wa rafu ya pili, kilinijia kichwani kwa mara moja. Ningesema sentensi moja tu. Nikatazama lile pengo lake.

"Alizeti," nikasema. "Chakula kilichelewa, nikawapa alizeti."

"Kiasi gani?"

"Ngumi moja kila siku."

Akaiandika.

Jioni ile alipitia sokoni akarudi na alizeti mfuko mzima. Alizichambua, akazisaga, akachanganya na kila kilichoingia mdomoni mwa binti. Alimweleza mwenyewe, amepiga magoti mbele ya kiti: watoto wa panya wagonjwa wametembea. Hawakutembea vibaya, wametembea. Binti aliuliza maswali kama hakimu. Wangapi? Kumi na mmoja. Wote? Wote. Kuna aliyeanguka? Hakuna. Kisha akanitazama mimi. "Mama mdogo, umewaona?"

"Nimewaona," nikasema. Na kweli niliwaona.

Nilijiambia alizeti haziui mtu. Nilijiambia Daktari atarudi, atagundua mwenyewe, atamwambia kwa maneno ya kisomi, na mimi sitakuwepo. Shemeji hakumwandikia barua, alitaka kwanza awe na uhakika. Na siku zile, Mungu anisamehe, nyumba ilikuwa na raha. Binti alisema anasikia moto mapajani. Alikula mpaka akasafisha sahani. Usinung'unike, mama mdogo, aliniambia, nikianza kutembea nitakuwa nakusaidia kufua. Nikasema nitakufulisha mpaka mapazia. Mtu anaweza kusema uongo mdogo asubuhi na ukamlisha mpaka jioni, mimi niliishi hivyo wiki nzima na nyingine ikafuata.

Halafu akaanza kutapika. Siku ya kwanza shemeji akasema mafuta ya alizeti yamezidi, akapunguza. Siku ya pili binti akashindwa kukaa, akisema nyumba inazunguka. Nikaenda kabatini kumchukulia vidonge vyake vya asubuhi, ingawa kumpa vidonge ilikuwa kazi ya baba yake na sikuwa naigusa, nikakuta boksi jipya la mwezi huo halijafunguliwa. Utepe wake ulikuwa bado mzima.

Nilikwenda nalo boksi hilo mpaka chumbani. Nikamwuliza shemeji ameviacha lini. Akanijibu bila wasiwasi, kama mtu anayeeleza hesabu aliyoipiga vizuri. Panya hawakupewa vidonge. Vidonge vinamla mtoto mifupa na kumfurisha uso. Akitaka kujua kama ni alizeti lazima aache kimoja. "Leo siku ya kumi," akasema.

Nikamwambia. Nilisimama pale mlangoni nikamwambia yote, chupa, Jumapili, dume wa rafu ya pili, jokofu, tarehe ya uongo. Nilisema haraka nikirudia maneno, na binti alikuwa kitandani anasikia. Nikasema, "Watoto wale wanatembea kwa sababu baba yao alikuwa mzima. Hakuna dawa. Mpe vidonge, shemeji, nakusihi, tumpeleke hospitali sasa hivi."

Alinitazama kwa huruma. Hilo ndilo lililonimaliza, alinihurumia. "Unaogopa, shemeji," akasema. "Hata mimi niliogopa siku ya kwanza. Dume nilimwona mwenyewe kwenye jokofu. Miguu yake ilikuwa ile ile. Usitunge hadithi ili tu nimpe vidonge."

"Yule mwingine nilimlaza."

"Yuko wapi?"

"Alichomwa."

"Basi," akasema, na hakusema kwa ukali.

Tulikuwa bado tunavutana pale binti akazimia. Tulimbeba wote wawili, yeye kichwani, mimi miguuni, mpaka kwenye teksi. Hospitali daktari kijana aliuliza swali moja kabla hata hajamgusa: vidonge aliacha lini? Shemeji akasema siku kumi. Yule kijana akageuka, akaanza kuwaita wauguzi kwa sauti, wakamtia sindano, wakamtundikia maji, wakakimbia huku na huku. Moyo wake ulikuwa umeshachoka na kifua kilikuwa kile unachokijua. Aliishi siku moja na nusu. Mara moja alifungua macho akaniona, akasema ana kiu, nikamlowesha midomo kwa pamba. Hakusema lingine. Alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Baada ya mazishi nilipanda juu kwa Daktari, alikuwa amesharudi, nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama. Nilitaka anifukuze kazi. Alivua miwani, akaniuliza kama nina mtu wa kukaa naye. Kisha akaniambia ukoo umekatika. Hesabu inarudi mwanzo kabisa. Alimwita shemeji akamweleza vilevile, taratibu, na shemeji akasikiliza kwa adabu yake yote, akaomba kitu kimoja. Awaoze wale kumi na mmoja, kaka na dada, awalishe alizeti, aone. Daktari aliniangalia. Nadhani alijua itakuwaje. Alimwambia kama shemeji yako amesema kweli, katika kila watoto wanne mmoja ataburura miguu. Kama ni alizeti, hataburura yeyote. Akamkubalia.

Miezi ile mitatu sitaki kuieleza sana. Tulipanda gari moja kwenda kazini, tukashuka pamoja. Alinisalimia, nikaitikia. Alikuwa anawagawia wale panya alizeti kwa kijiko, kwa kipimo, na mimi upande wa pili wa kioo niliomba kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Niliomba niwe nimekosea. Niliomba yule dume wa rafu ya pili niwe nimemwota, alizeti ziwe dawa kweli, mtoto awe amekufa kwa kitu kingine, na shemeji awe na haki ya kunihurumia mpaka kufa kwangu.

Wakazaliwa kumi na wanne. Alingoja wafike wiki ya tatu. Asubuhi moja akaja na kizimba, hakukipitisha kitunduni, alifungua mlango akaingia chumba cha kuoshea, jambo lisiloruhusiwa, akakiweka juu ya meza yangu. Kumi walikuwa wanakimbizana. Wanne walikuwa kwenye kona, wanajivuta kwa mikono. Akamchukua mmoja wao, akamweka juu ya waya, akaugeuza, akanipa saa nibonyeze mimi. Sekunde nne.

"Ulikuwa unasema kweli," akasema.

"Nilikuwa nasema kweli."

"Siku ile niligonga kioo nikakuuliza."

"Uliniuliza."

"Na ulikuwa unajua."

Nikasema ndiyo. Alisubiri. Nilijua anasubiri niongeze neno, lolote, sababu yoyote ambayo mtu anaweza kuishika, na nilikuwa nayo, kwamba nilimwona anacheka. Nikaiona ilivyo ndogo nikashindwa kuitoa mdomoni. Bomba lilikuwa linatiririka kwenye sinki nyuma yangu. Akanyoosha mkono kunipita akalifunga, maana maji yalikuwa yanafurika, akamrudisha yule panya kwa wenzake.

Kisha akatoa kadi mpya mfukoni. Akachagua dume mmoja na jike mmoja katika wale wanne, akawatia kizimba chao, na juu ya kadi akaandika kizazi cha kwanza. Nikamwuliza ishirini watafika lini. Akasema miaka sita, saba. Nikamwuliza wa kumponya nani. Alifikiri, kwa kweli alifikiri, uso umekunjamana kama mtu aliyesahau jina.

"Sijui kazi nyingine, shemeji," akasema.

Mpaka leo tunaishi nyumba ile, yeye mbele, mimi nyuma, kitanda cha pili kiko palepale. Hajawahi kunigombeza. Hajawahi kuniambia nitafute kwangu. Kila siku ya mapumziko nakunja nguo zangu naziweka kwenye begi, nakaa nalo mlangoni nikingoja aniambie niende, na yeye anapita, ananiuliza kama nimekula.